Keki Isiyopelekwa Chumbani

Nimepika keki za watu kwa miaka mingi, na mara kwa mara mtu huniuliza ni keki gani naipenda kuliko zote. Wanategemea niseme ya harusi, ile ya ghorofa tatu yenye maua ya sukari, ambayo bibi harusi anaionja kwa ncha ya ulimi asije akaharibu rangi ya midomo. Siipendi hata kidogo. Ninayoipenda mimi ni nyeusi, haina umbo la kujivunia, haikatwi kwa kisu, na ukimpelekea jirani inamfikia ikiwa kitu kingine. Nilijifunza kuipika uani kwetu Chang'ombe, Dodoma, katika miaka ile ya ruksa maduka yalipoanza kujaa tena, na sijawahi kuipika bila kumkumbuka baba yangu akiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Nyumba yetu ilikuwa kama nyingi za mtaa ule: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma wenye bomba la maji ambalo majirani nao walichota. Babu yake baba alifika huku na misafara ya biashara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Tabora. Akachoka hapa, akaoa hapa, akafungua duka hapa. Mama, ambaye kwao ni Kondoa, alipenda kututania kwamba ukoo wetu mzima umetokana na mtu mmoja aliyechoka. Baba alikuwa akicheka. Nasema alikuwa, kwa sababu wakati ninaousimulia alikuwa ameacha.

Kazi ya baba ilikuwa ukaguzi wa nafaka katika ghala la shirika la umma. Yaani alisimama mlangoni pa ghala na kukataa magunia. Chombo chake kilikuwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji unachokichoma ubavuni mwa gunia ili kitoke na punje za katikati na za chini, maana muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri juu. Hakuwahi kutia saini gunia ambalo hakulichoma mwenyewe. Tabia hiyo aliileta mpaka nyumbani. Akinunua mkungu wa ndizi atakagua kila kichane, na ukimwambia umefagia atainama kuangalia uvungu wa kitanda. Kumdanganya baba ilikuwa kazi bure.

Lakini pia alikuwa mtu wa watu kupita kiasi. Alikula barazani mbele ya nyumba, kwenye mkeka, na kila aliyepita aliitwa. "Karibu! Karibu bwana, tule." Fundi baiskeli, muuza karanga, mgeni anayeuliza njia ya kwenda Miyuji, wote walinawa mikono kwetu. Mama alipika kila siku kwa ajili ya watu ambao alikuwa bado hajawajua. Alilalamika sana juu ya jambo hilo, na siku ambayo hakuja mtu alilalamika zaidi.

Kisha biashara ya mahindi ikafunguliwa. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua wenyewe kwa wakulima, malori yakaanza kujipanga Kibaigwa, kwenye barabara ya Dar es Salaam, na ghala la baba likabaki na panya. Wafanyakazi wakapunguzwa. Siku aliyopunguzwa, baba alirudi na bambo lake limefungwa kwenye gazeti. Akalitundika kwenye msumari chumbani, ukutani juu ya kitanda, akajilaza chini yake.

Hakuwa mgonjwa. Alfajiri alikwenda msikitini kabla mtaa haujachangamka, akarudi, akafunga mlango. Alikuwa na redio yake, msahafu wake, na dirisha linalotazama uani, ambalo aliliacha nusu wazi. Ila barazani hakukaa tena, na kula na watu aliacha. Mwanzoni alisingizia tumbo. Halafu akaacha hata kusingizia. Tukawa tunampakulia mapema, tunafunika kwa kawa, na mimi ndiye niliyemwingizia sinia. Nikirudi baadaye nilikuta chakula kimepoa na amekigusagusa tu. Mama akaanza kupikia sufuria ndogo.

Mimi ni kitinda mimba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri majibu, na katika nyumba ile anayesubiri majibu ndiye anayebeba masinia. Nina hasira za karibu, najijua. Kila nilipoufungua mlango ule nilimkasirikia baba, na kila nilipoufunga nilitamani kulia. Nilimtaka yule mwenye makelele. Mama alinikataza kumsema. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," aliniambia. Nikamjibu kwamba baba si maiti. Akaniambia nikateke maji.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumkatia tamaa. Huyu alifanya kazi na baba ghalani toka wote wakiwa vijana, na sisi watoto tulimwita baba mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Naye alipunguzwa siku ileile, lakini yeye hakwenda kulala. Alipanda lori, akashuka Kibaigwa, akawa dalali wa mahindi. Kila alipokuja mjini alipita kwetu, akakaa barazani peke yake, akanywa chai ya mama, na kuzungumza kwa sauti ya juu ili maneno yapenye korido. Wafanyabiashara wa kule wanauziwa mahindi makavu juu na mabichi chini, alisema. Wanamhitaji mtu wa kuwachomea bambo kabla hawajapakia. Kazi ipo, heshima ipo, mtu mwenyewe ndiye amelala.

"Mwambie nimelala," baba alikuwa ananituma.

"Amesema amelala," nilimwambia baba mdogo.

"Mwambie nimesikia," alijibu, akamaliza chai yake, akaaga.

Mama alipojaribu kumuuliza baba kwa nini hataki hata kumwona rafiki yake, alimjibu kwa swali. "Nikachome magunia ya watu kando ya barabara, mimi niliyekuwa na muhuri?" Basi ikaishia hapo. Sikuwahi kumsikia mama akirudia kumuuliza.

Mambo yalikuwa hivyo alipokuja mpangaji. Alikuwa karani wa serikali, mwanamke wa Njombe, umri wa dada yangu mkubwa, aliyehamishiwa Dodoma na kuchukua chumba kinachotazamana na cha wazazi wangu. Mkristo, mwimbaji wa kwaya, mcheshi, na mtu asiyejua kuogopa mlango uliofungwa. Kila asubuhi akienda kazini alisimama koridoni na kuita, "Shikamoo baba!" na kutoka ndani baba hakuwa na budi kuitikia, "Marahaba, mwanangu." Mtoto wa watu hanyimwi marahaba, hata na aliyekasirikia dunia.

Mwezi wa saba Dodoma kuna baridi ya upepo, wageni hawaiamini mpaka iwapige. Jumamosi moja ya baridi hiyo mpangaji akarudi kutoka madukani na kopo la kakao. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sukari na sabuni tulilitazama kopo lile kwa adabu. Mama alilishika, akalinusa, akauliza linafanywaje. Mpangaji akasema shuleni kwao, kwa masista, walifundishwa keki moja ya kuliwa ikiwa ya moto, na toka baridi ianze hajawaza kitu kingine.

Oveni hatukuwa nayo, na wala hatukuihitaji. Mama alikuwa bingwa wa mkate wa kumimina, na mkate wa kumimina hupikwa hivi: sufuria juu ya makaa machache, sinia la bati juu ya sufuria, na makaa mengi juu ya sinia. Moto mkubwa juu, mdogo chini. Mpangaji akasema hivyo hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akachanganya unga wa ngano, sukari, kakao, beking poda, maziwa, siagi aliyoiyeyusha, na yai moja. Mama aliuliza mara mbili kuhusu lile yai. Kwake yeye keki ya yai moja ni kumtukana mgeni.

Halafu mpangaji akanyunyiza juu ya ule mchanganyiko sukari na kakao kavu, akainua birika, akaanza kumimina maji ya moto juu ya keki. Taratibu, juu ya mgongo wa kijiko ili yasichimbe shimo, lakini maji, mengi, mpaka unga mbichi ukawa umezama.

Mama ni muungwana. Alisema tu "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini na kugeukia pembeni, kama mtu aliyemwona jirani ameanguka na hataki kumwaibisha. Mimi sina uungwana huo. "Dada, mbona unaimwagia maji?"

"Funika," alisema, "mtaona."

Tungeona, ila wenzake wa kwaya walikuja kumwita mazoezini. Akajifunga kitenge, akatuachia sufuria. "Nusu saa tu, mama, halafu muitoe." Akaondoka akiimba.

Sasa, kila mwanamke wa mtaa wetu alijua keki inapimwaje. Unachomoa njiti ya ufagio mpya wa chelewa, unaichoma mpaka chini kabisa, na ikitoka kavu keki imeiva. Nusu saa ilipopita mama alichoma njiti yake. Ilitoka imepakaa uji mweusi. "Haijaiva," alisema, akaongeza makaa. Akachoma tena, uji. Tukaongeza tena. Mama alianza kunung'unika juu ya yale maji, na mimi nikaongezea yangu juu ya elimu ya masista. Tulihangaika mpaka karibu na alasiri njiti ikatoka kavu kabisa, na mama akashusha pumzi. Tulikuwa tumemwokoa mpangaji.

Alirudi, akafunua, akatazama. "Mama, mchuzi uko wapi?"

"Mchuzi gani?"

Akatueleza. Yale maji hushuka, keki hupanda, na chini kunabaki mchuzi mzito wa kakao, ndio utamu wenyewe. Njiti inatakiwa iishie katikati. Tulikuwa tumeukausha mchuzi wote kwa bidii. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi akacheka mpaka kitenge kikafunguka. Mama aliona haya kwanza, halafu naye akaanza. "Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni," alisema akijifuta macho. "Keki ina mchuzi!"

Hata hivyo ilikuwa keki, na haikuwa mbaya. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na mama alikuwa na sahani za watu ndani, basi alikata vipande akazirudisha. Kipande cha baba nilikipeleka chini ya kawa kama kawaida. Nilipofuata sahani nilikuta amekila chote.

"Nzuri," alisema. "Kavu kidogo. Mlikuwa mnacheka nini?"

Nilisimama pale na sahani mkononi. Ilikuwa muda mrefu baba hajaniuliza kitu kinachoishia na alama ya kuuliza. Nikamweleza habari ya mchuzi.

"Chini?" alisema. "Mchuzi haukai chini ya keki. Mchuzi unamwagiwa juu."

"Mpangaji anasema unakuwa chini, baba. Hauonekani mpaka uchimbe."

"Anasema," alisema baba. Ghalani hilo lilikuwa neno lake kwa muuzaji yeyote aliyejieleza sana.

Nilipomsimulia mama, alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama hewani. "Ameuliza?" Nikasema ameuliza. Aliendelea kupeta, lakini jioni nilimkuta anamuuliza mpangaji kama kakao imebaki.

Jumamosi iliyofuata tulipika vizuri. Mpangaji alisimamia sufuria mwenyewe na kuzificha njiti zote. Tulipofunua, juu palikuwa pamepasuka na pakavu, mama akaniangalia, nikamwangalia. Kijiko kilipoingia kikachomoka na mchuzi mweusi unaochemka, mzito, wa kung'aa. Sijui kuieleza ladha yake kwa mtu ambaye hajaula katika upepo wa mwezi wa saba. Tulikula tumechuchumaa kuzunguka jiko, tukiunguza ndimi, bila kungoja sahani. Mama alisema, "Kumbe masista wanajua mambo."

Sehemu ya baba ilikuwa imeshawekwa. Nyumbani kwetu asiyekuwepo ndiye anayepakuliwa kwanza, awe shuleni, awe safarini, awe amenuna. Nilimpelekea kwenye bakuli zuri. Alikuwa kwenye swala, kisha akasikiliza taarifa ya habari, kisha sijui akafanya nini. Aliponiita, keki ilikuwa imepoa na imeunywa mchuzi wake wote. Ndiyo tabia yake, keki ile. Ikishapakuliwa haingoji mtu.

"Mchuzi wenyewe uko wapi?" aliuliza.

"Ulikuwepo, baba."

"Ulikuwepo." Alilirudia neno lile kwa sauti yake ya ghalani. "Kila aliyeniletea mahindi mabichi aliniambia yalikuwa makavu alipoyapakia."

Nilichoka ghafla. Na kubeba, na kufunika, na kutetea kitu nilichokiona kwa macho yangu. "Basi toka nje uone mwenyewe," nilimwambia, nikachukua bakuli, nikatoka. Mlango niliufunga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyo adabu.

Nilitegemea mama anichape maneno, maana alikuwa ameyasikia yote kupitia dirishani. Hakunichapa. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake, amekunja mikono, anawaza. Mwisho akasema, polepole, "Hiyo keki haibebeki, eh?"

"Haibebeki," alisema mpangaji. "Mama mwenyewe umeona."

Wiki ile mama alimtuma dereva wa lori, jirani yetu, apeleke salamu Kibaigwa: baba mdogo asikose Jumamosi, na asipitie barazani, apite moja kwa moja uani. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Uani kwetu walikula wanawake na watoto, mwanamume asiye wa nyumba hakuingia hivi hivi. Mama akasema huyu amekunywa chai yangu miaka yote hii, kama si wa nyumba basi ni wa wapi.

Akaja, amebeba kibuyu cha asali, akakaa kwenye ncha ya mkeka akiwa amekunja miguu kwa adabu. Mama alitandika mkeka ule karibu na jiko, hatua chache tu kutoka dirisha la baba. Mpangaji alimimina maji yake. Tukafunika, tukapanga makaa. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea dirishani, na harufu ya kakao ikaufuata. Baba mdogo hakuzungumzia mahindi hata mara moja. Mama alikuwa amemkataza.

Nilipochukua bakuli zuri ili niliweke tayari, mama alinishika mkono. "Leo hatumwekei."

Nilidhani sikumwelewa. "Sehemu ya baba?"

"Leo haiwekwi." Akaongeza, kwa sauti ambayo haikufika dirishani, "Tangu nimeolewa na mtu huyu sijawahi kumlaza bila sehemu yake. Asipotoka, nitakuwa nimemnyima mume wangu chakula mbele ya watu."

Niliogopa pale. Mpaka muda ule kwangu ulikuwa mchezo, mchezo mtamu wa kakao, na nilikuwa naufurahia. Nikaona kwamba mama ameweka hapo kila kitu alichokuwa nacho. Baba akibaki ndani leo, kesho itakuwa vigumu zaidi kumbishia hodi, na keshokutwa tutakuwa tumezoea.

Dirisha likasema, "Nasikia harufu. Nileteeni sufuria nione."

"Ina makaa juu," alijibu mama. "Siingizi makaa kwenye chandarua."

"Basi nipakulieni."

"Ikipakuliwa mchuzi unapotea. Wewe mwenyewe ulisema huuoni."

Baba mdogo alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mpangaji alininong'oneza kwamba imeiva, tena imeiva sawasawa, na makaa yakizidi tutarudi kule kule kwa njiti. Nikashika koleo. "Nifunue, mama?"

"Ngoja."

Tukangoja. Chumbani kitanda kililia. Nikaanza kunusa kingo zinaungua. "Mama, itakauka."

"Ngoja," alisema mama, na macho yake yalikuwa mlangoni, wala hayakuwa makali. Yalikuwa yanaomba.

Kumbe alikuwa anavaa. Alitoka na shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia kichwani, msuli safi, kama mtu anayekwenda Ijumaa. Mwanga ulimuumiza macho, akasimama kidogo kizingitini. Alimwona rafiki yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, lakini baba mdogo alisogea tu, akaacha nafasi kwenye mkeka. Na nafasi yenyewe alikuwa ameiacha kubwa.

Baba hakukaa kwanza. Alitazama mkeka, akatazama kibao cha mama, akatafuta kwa macho mahali ambapo kawa hukaa. "Yangu iko wapi?"

"Hatukuweka," alisema mama. "Iko humo. Pamoja na zetu."

Akamtazama. Wote tulisikia kitu gani mama amesema. Halafu baba akachuchumaa mbele ya jiko, akaniambia, "Funua, mama." Aliniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake, ilikuwa siku nyingi hajaniita hivyo.

Nikaondoa sinia na makaa yake. Keki ilikuwa imepanda, juu kavu, imepasukapasuka. Baba akaguna. "Kavu," alisema, kwa furaha ya mtu anayekaribia kushinda kesi. Akanyoosha mkono, mpangaji akampa kijiko. Hakuchota juu. Alikiingiza pembeni, kimelala, kikaenda mpaka chini, akakizungusha kiganja kidogo kama alivyokuwa akifanya kwenye gunia, akakivuta. Kikatoka kimejaa mchuzi mweusi, unadondoka, unatoa mvuke.

Alikitazama kwa muda. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Juu kavu, chini bichi," alisema. "Gunia la namna hii nisingelipitisha."

"Kibaigwa wanalipitisha," alisema baba mdogo. "Hawana wa kuwaambia."

Baba alitia kijiko mdomoni. Akafumba macho kwa sababu ya moto, na akakaa, pale kwenye nafasi yake, mkeka ukapokea uzito wake. Mama alitoa vijiko vingine. Tulikula kutoka sufuriani, watano, mikono ikigongana, mpangaji wa Njombe kati ya mama na baba mdogo. Kila mtu alikuwa anapuliza kijiko chake.

Ndipo jirani yetu mmoja akaingia uani na ndoo yake, kuchota maji. Alipoona wanaume, tena baba yumo, alisita, akataka kurudi. Baba alikuwa na mdomo umejaa.

"Karibu," alisema. Akameza, akalirudia kwa sauti yake yote, ile iliyokuwa ikisikika mpaka kwa fundi baiskeli. "Karibu bibie, tule, kabla haijapoa!"

Mama aliinamisha kichwa akawa anatafuta kijiko kingine chini ya mkeka, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka vijiko.

Hatukubakiza kitu. Baba alikomba sufuria mwenyewe, akaikagua, akairudisha.

Asubuhi ya pili yake nilipika chai, nikaiweka kwenye sinia pamoja na vitumbua viwili, nikafunika kwa kawa, nikausukuma mlango wa chumba kwa kiwiko kama nilivyozoea. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chandarua kilikuwa kimefungwa juu. Kwenye msumari hapakuwa na kitu, ila alama ndefu nyeupe ukutani mahali bambo lilipokuwa limening'inia na vumbi halikufika. Nikarudi na sinia uani, nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, nikainywa chai yake mimi.